Kocha anataka mwanangu aache kucheza kwotabeki, nifanyeje?

Wakuu, habari zenu. Niko Texas, kijana wangu anacheza futiboli ya Kimarekani shuleni kwao, nafasi ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Kocha anataka kumgeuza mdaka pasi kwa sababu eti ana mbio. Mwenzake mzungu ana mbio zilezile, ila yeye anasifiwa akili.

Mnaofuatilia NFL, ligi kuu ya mchezo huu, mmeshayaona haya. Lamar Jackson, kwotabeki mweusi, alishauriwa hivyohivyo mwaka 2018, akachukuliwa wa 32 timu zilipochagua wachezaji wapya, na msimu wa 2019 akawa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote. Warren Moon, naye kwotabeki mweusi, mwaka 1978 hakuchaguliwa na timu yoyote ya NFL, akaenda zake Kanada akabeba kombe mara tano mfululizo. Watangazaji nao ndio walewale: mweusi ana misuli, mweupe anasoma mchezo. Inachosha!

Naomba ushauri, hasa wazazi mlioko huku. Nimfuate kocha na takwimu za pasi za kijana, au nimhamishe shule? Mama yake anataka ninyamaze, mtoto asije akasugua benchi. Mwenyewe kudaka hataki kabisa.