Mtihani gani unafaa kumpima mwandishi wa programu za CNC kabla ya kumwajiri?

Msimamizi_Karakana

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wenu, hasa ninyi mliowahi kuajiri au kuajiriwa katika karakana zenye mashine za CNC, yaani zinazoongozwa na programu ya kompyuta. Ninasimamia karakana ya ukubwa wa kati jijini Dar es Salaam. Tunatengeneza vipuri vya viwanda kama bushi, puli, fleinji na gia, na kwa miaka mingi tumefanya kazi kwa mashine za kawaida za kukereza na za milingi. Sasa tunayo mashine ya milingi ya CNC yenye kidhibiti (kompyuta ya mashine) cha Fanuc na meza ya mhimili wa nne, na tunamtafuta mtu atakayeandika programu bila kushikwa mkono.

Mara ya mwisho tulimwajiri kijana mwenye vyeti vizuri. Katika usaili alieleza maana ya kodi za mashine kama G41, G54, G83 na nyinginezo bila kusita hata mara moja. Wiki ya pili akavunja kikataji na kulichimba taya la vaisi (jiliwa la kushikia kipande). Simlaumu sana, kwa kuwa mtihani wetu ulipima kumbukumbu na kumbukumbu tukaipata. Safari hii nataka mtihani wa nusu siku unaopima kazi yenyewe. Niweke nini ndani yake, na nigawe alama vipi? Mimi ni fundi kereza wa zamani, siandiki programu, kwa hiyo nahitaji kitu ambacho nitaweza kukisahihisha mwenyewe.

Nukta_Sifuri

Mkuu, uliza maana ya kodi pale tu unapomwajiri mwendeshaji wa mashine. Mwandishi aliyebobea hata akisahau kodi ataifungua kwenye kitabu; kinachomtofautisha ni maamuzi anayoyafanya kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Kwa hiyo saa ya kwanza ya mtihani usimpe kompyuta. Mpe mchoro, kipande cha alumini, orodha ya vikataji mlivyonavyo na karatasi ya sifa za mashine yenu, kisha mwambie aandike kwa Kiswahili cha kawaida kipande atakishika vipi, ataanza upande upi, sifuri (nukta ya kuanzia vipimo) ataiweka wapi, na kwa nini.

Mchoro wenyewe uwe na mitego ya haki. Weka tundu la milimita 25 lenye alama ya H7, yaani toleransi (tofauti inayoruhusiwa) ya kuanzia sifuri hadi milimita 0.021, na liwe upande wa pili wa kipande, mbali na uso utakaosagwa kwanza. Weka ukuta mwembamba wa milimita 1.5 pembeni ya shimo kubwa. Mtu mzoefu atauliza mara moja kama ukuta huo unaweza kumaliziwa mwishoni, na kama taya za vaisi zitaukunja. Asiyeuliza chochote kuhusu mchoro kwa saa nzima amekwishakujibu.

Kwenye karatasi ya sifa za mashine andika kwamba spindo inayozungusha kikataji haizidi mizunguko 8,000 kwa dakika. Kisha mpe kikataji cha milimita 10 chenye meno matatu, kasi ya ukataji ya mita 300 kwa dakika na ulaji wa milimita 0.05 kwa kila jino. Hesabu itampa mizunguko 9,549 hivi. Akiandika S9549, amekokotoa bila kusoma. Akishusha hadi 8,000 lakini akaacha kasi ya kulisha ya milimita 1,432 kwa dakika, amesoma nusu, kwa sababu sasa inapaswa kuwa 1,200. Swali hili unaweza kulisahihisha mwenyewe kwa kikokotoo cha simu.

Saa ya pili, mpe programu ya mistari kama themanini iliyoandikwa na mtu mwingine, yenye makosa uliyoyapanda, na mwambie ayatafute kwa macho bila simulesheni. Mimi hupanda haya manne. Kwanza, kikataji namba 5 kinaitwa pamoja na H04, yaani urefu wa kikataji kingine. Kama hicho kingine ni kifupi, ncha itashuka kuliko ilivyokusudiwa. Pili, G41, kodi ya kufidia nusu kipenyo cha kikataji, inawashwa kwenye mstari wa tao, ambapo Fanuc itakataa na kutoa alamu. Tatu, nukta ya desimali imeachwa, hivi kwamba X50 inaweza kusomwa kuwa mikroni 50 badala ya milimita 50, kutegemea jinsi kidhibiti kilivyopangwa. La nne ndilo ninalolipenda zaidi: G28 Z0, amri ya kurudi nyumbani, ikiwa bado mashine iko katika G90, yaani inapima kutoka sifuri ya kipande. Wengi hudhani amri hiyo inakipeleka kikataji moja kwa moja nyumbani juu, kumbe kwanza kinapitia Z0 ya kipande, tena kwa mwendo wa rapidi, yaani wa kasi ya juu kabisa. Kama sifuri imewekwa chini ya kipande, hapo ndipo vaisi huchimbwa. Nisingeshangaa kama na ya kwenu ilichimbwa hivyo.

Kwa aliyepata matatu kati ya hayo mpe alama kamili. Hilo la G28 likimpita, usimwache peke yake na mashine kwa miezi ya mwanzo, hata kama mengine yote ameyapata.

Msimamizi_Karakana

Ndugu, umenifanya niende kuifungua ile programu ya zamani. Ni kweli, mwishoni kuna G28 Z0 na hakuna G91 (kupima kutoka pale kikataji kilipo) kabla yake, na sifuri tulikuwa tumeiweka kwenye kitako cha vaisi. Yule kijana alihama mji, nami nitamtafuta nimweleze, maana alituambia haelewi mashine imekwenda wapi, nasi hatukumwamini.

Nakuuliza jambo moja. Ulipotaja mwandishi «aliyebobea», nasi tuliwaza pia makro, yaani programu moja inayobadilisha vipimo kwa namba anazoingiza mwendeshaji, kwa sababu tunatengeneza fleinji za ukubwa tofauti kila wiki. Hilo nalo nilipime vipi?

Nukta_Sifuri

Mpe kazi ndogo: programu moja inayotoboa na kutia hesi (nyuzi za skrubu) za M8, yaani za milimita 8, kwenye mduara, ambapo mwendeshaji anaingiza kipenyo cha mduara, idadi ya matundu na pembe ya kuanzia tu. Mtu yeyote aliyesoma makro ataandika kitanzi cha WHILE kinachorudia amri zile zile kwa kila tundu. Wewe angalia mambo mawili. La kwanza, je, ametoboa kwa milimita 6.8 kabla ya hesi, na je, kasi ya kulisha inalingana na hatua ya hesi (umbali kati ya uzi na uzi), ambayo kwa M8 ya kawaida ni milimita 1.25? Kwenye mizunguko 500 inapaswa kuwa milimita 625 kwa dakika. Ikitofautiana, hesi zitaharibika au kikata hesi kitavunjika.

La pili, muulize nini kitatokea mwendeshaji wa zamu ya usiku akiingiza sifuri kwenye idadi ya matundu. Aliyebobea atakuwa ameshaweka mstari wa #3000 unaosimamisha mashine na kuandika ujumbe kwenye skrini. Asiyebobea atacheka na kusema hakuna mtu atakayeingiza sifuri. Nimefanya kazi usiku miaka sita, wapo.

Bandarini_Msa

Nawasalimu kutoka Mombasa. Naongeza jambo moja ambalo mitihani iliyonakiliwa kutoka nchi za baridi hailijui. Vipimo vya mchoro huchukuliwa kuwa ni vya nyuzijoto 20, ilhali karakana zetu za pwani hufika 32 bila taabu. Alumini hurefuka kwa takriban mikroni 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo kipande cha milimita 200 kinakuwa kirefu kwa milimita 0.055 kuliko kitakavyokuwa kwenye nyuzi 20. Kweli, maikromita ya chuma nayo hurefuka, na kwa hiyo kosa utakaloliona kwenye kipimo ni kama 0.026 tu, lakini hilo lenyewe linazidi ile toleransi ya H7 iliyotajwa hapo juu. Weka urefu wa milimita 200 wenye toleransi ya 0.02 kwenye mchoro, acha kipande juani dakika kumi kabla ya mtihani, kisha mpe maikromita. Utamjua anayekigusa kwanza kwa kiganja.

Mtahiniwa_Mkongwe

Naomba niseme kwa upande wa wanaotahiniwa. Nimefanya mitihani ya namna hii mara tatu. Katika karakana moja nilikaa siku mbili nikiandika programu ya kipande halisi cha mteja, sikuajiriwa, na baadaye fundi mwenzangu wa pale akaniambia kipande kilitengenezwa kwa programu ile ile. Tangu hapo, nikiona mchoro wa mtihani una namba ya oda pembeni, nauliza kwanza nitalipwa kiasi gani.

Kwa hiyo, Mkuu, chora kipande ambacho hakitauzwa, mlipe mtu ujira wa siku moja hata akishindwa, na umwambie mapema kidhibiti ni Fanuc gani. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi kwenye vidhibiti vya Siemens au Heidenhain ataandika polepole siku ya kwanza, ingawa maamuzi yake ni mazuri. Ukimpima kwa kasi utampoteza. Ile saa ya kwanza ya karatasi aliyoipendekeza Nukta_Sifuri haibagui kidhibiti, na kama ningekuwa mimi ningeipa nusu ya alama zote.

Msimamizi_Karakana

Nimekubali nusu ya alama, na ujira wa siku nimeshauombea kibali kwa mwenye karakana. Aliguna kwanza, nikamwonyesha bei ya taya la vaisi. Mchoro nitauchora Jumamosi kwa mkono wangu, na ukuta wa milimita 1.5 utakuwemo. Kipande kitawekwa juani, ila sitamwambia mtu kwa nini.