Tupeane uzoefu: laini na intaneti kwa wanaokwenda kusoma nje

Mkwezi: Wakuu, madogo wanafunga mabegi na maswali ni yale yale. Naanza na Ujerumani. Laini ya vocha inauzwa hadi supamaketi, ila tangu Julai 2017 haiwashwi mpaka utambuliwe kwa pasipoti. Utambulisho mara nyingi ni kwa video, na video inataka intaneti ambayo ndiyo unayoitafuta. Pasipoti zetu nazo mara nyingi zinagoma kwenye video. Chagua Postident: unachukua fomu ya kampuni, unakwenda nayo kaunta ya posta na pasipoti mkononi. Anwani ya huko uwe nayo kabisa. Na vifurushi vingi ni vya wiki 4, si mwezi, kwa hiyo kwa mwaka unalipa mara 13.

Bibi Shamba: Hiyo ya mara 13 inawapita wengi.

Pweza: Si bora mkataba tu? Bei nafuu na bando kubwa.

Mkwezi: Mkataba kwa kawaida ni miezi 24, ndugu yangu. Anayekwenda kusoma mwaka mmoja ataendelea kulipa akiwa ameshafika Dar. Tangu Desemba 2021 unaweza kuuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja, lakini baada ya hiyo 24 ya kwanza kuisha.

Tarishi: Wa Uturuki nisikilizeni, huku ndiko watu wanakolia. Simu uliyotoka nayo nyumbani, ukiitia laini ya Uturuki, inafanya kazi siku 120 kisha mtandao unakatwa. Wi-Fi inabaki, kupiga na bando vinakufa. Kinachofungwa ni IMEI, ile namba ya utambulisho ya simu yenyewe, kwa hiyo kubadilisha laini hakusaidii. Ili isifungwe: pata kibali cha ukaazi chenye namba inayoanza na 99, nenda PTT (posta yao) na kibali hicho ukachukue nywila ya e-Devlet (tovuti ya huduma za serikali), lipa ada, kisha sajili IMEI humo e-Devlet. Bonyeza *#06# uione. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, andika zote. Ada mwaka 2025 ilikuwa lira 45,614. Kuna simu nzuri tu haifiki bei hiyo.

Pweza: Mbona kuna mafundi wanabadilisha IMEI kwa hela ndogo?

Tarishi: Usimpoteze mtoto wa watu! Huko ni kosa la jinai, na mgeni ana kibali cha kupoteza. Dawa ni kununua kisimu cha bei ya chini huko huko Uturuki, kile kimeshasajiliwa. Laini ikae humo, washa hotspoti, simu yako nzuri iunganishe kwa Wi-Fi. Chaji ya kisimu itaisha haraka, tembea na pawabenki.

Bibi Shamba: Na laini msinunue uwanja wa ndege wa Istanbul, mjini ni nafuu.

Pweza: Dada, mtu anafika saa nane usiku, mwenyeji atampigia na nini?

Bibi Shamba: Uwanjani kuna Wi-Fi. Amtumie mwenyeji ujumbe wa WhatsApp kabla hajatoka mlangoni.

Msasani: Mnasahau laini ya nyumbani. Kabla ya kupanda ndege washa roaming (laini ifanye kazi nje ya nchi), kisha zima data yake, acha meseji tu. Namba za siri za benki zinakuja humo. Iwekee vocha kidogo mara kwa mara, laini iliyolala muda mrefu hufungwa. Ikipotea, kwa Tanzania kuirudisha kunataka alama ya kidole chako mwenyewe, kaka yako hawezi kukuchukulia. WhatsApp usiihamishe namba, itaendelea hata laini ikiwa nje ya simu. Weka ile PIN ya hatua mbili.

Mkwezi: Eduroam, ile Wi-Fi ya pamoja ya vyuo: jina la mtumiaji liandikwe zima, pamoja na @ na anwani ya mtandao ya chuo. Ukiandika nusu, laweza kukubali chuoni kwako na kugoma vyuo vingine.

Kiboko: Chuo kimenipa nywila ila inakataa hosteli.

Mkwezi: Hosteli nyingi mtandao wake si wa chuo. Angalia ukutani kama kuna tundu la kebo, kisha muulize msimamizi wa jengo namna ya kujisajili.