Mjadala: Minara ya miaka ya kwanza ya uhuru katikati ya Nairobi ikarabatiwe au ibomolewe?

Mtoa mada

Naiweka hoja yangu wazi tangu mwanzo ili tusizunguke mbuyu: majengo marefu yaliyosimamishwa katikati ya Nairobi kuanzia miaka ya mwisho ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1980 yakarabatiwe na kutumiwa upya, na kibali cha kulibomoa lolote kati yake kisitolewe mpaka mhandisi wa miundo asiyelipwa na mmiliki athibitishe kwa vipimo kwamba halifai tena kukaliwa na watu. Anayepinga na apinge, ila atueleze pia atajenga nini mahali pake na kwa fedha za nani.

Suala hili limeiva kwa sababu wapangaji wakubwa wamehama. Benki, kampuni za bima na mawakili wenye wateja wazito wamepanda Upper Hill, ambako mnara wa Britam una urefu wa mita 200, au wamevuka kwenda Westlands, huku nyuma yao zikibaki ghorofa tupu na mabango ya "nafasi ya kukodi" ambayo jua limeyafuta maandishi. Hoteli ya InterContinental ilifungwa mwaka 2020. Hilton, ule mnara wa mviringo uliofunguliwa mwaka 1969, ukafuata mwishoni mwa 2022, ingawa watu wanaoteremka matatu bado wanaagizana wakutane Hilton, na kila mtu anajua ni wapi.

Tuukumbuke mji uliojenga minara hiyo. Sensa ya 1969 iliwahesabu wakazi wa Nairobi wapatao 509,000. Ile ya 2019 ilipata 4,397,073. Mji wa nusu milioni ndio uliothubutu, kati ya 1967 na 1973, kujenga Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, lililochorwa na Mnorwe Karl Henrik Nøstvik akishirikiana na David Mutiso, msanifu majengo Mkenya aliyekuwa katika Wizara ya Ujenzi. Lilianza kama makao makuu ya chama cha KANU, likakua mkononi mwa wachoraji, na Septemba 1973 likapokea mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Ukilitazama kwa karibu utaona kwamba karibu hakuna ukuta wake ulioachwa uchi mbele ya jua: zege lenye rangi ya udongo wa mfinyanzi limetokezwa nje ya madirisha ili kivuli kiangukie kioo kabla joto halijaingia ndani. Mji ulio juu ya mwinuko wa takriban mita 1,700 hauhitaji mashine za kupoza hewa mchana kutwa iwapo jua limezuiwa vizuri na madirisha yanafunguka. Minara mingi ya kioo inayosifiwa leo imelisahau jambo hilo, na wanaolipia ni wapangaji, kila mwezi, kwa bili ya umeme.

Kisha kuna sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa urithi katika gazeti rasmi la serikali. Lakini jicho letu la urithi limezoea kutazama mawe ya mkoloni: Kipande House ya 1913, ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa ya mwaka uo huo, na maktaba ya McMillan ya 1931, ambayo ina sheria yake maalumu ya bunge. Sina ugomvi na majengo hayo. Nashangaa tu kwamba zege lililomwagwa na mafundi wetu baada ya bendera kupanda tunaliona kama bidhaa iliyochina dukani.

Mwisho, saruji. Utengenezaji wake unachangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani. Kulivunja jengo la ghorofa 20 lenye nguzo nzima ili kujenga jingine la ghorofa 30 ni kulipia hewa hiyo mara mbili, na vifusi vyake vitatupwa pembezoni mwa mji, karibu na watu ambao hawakuwahi kuwa na ofisi humo.

Mchangiaji wa kwanza, mkadiriaji majenzi

Ndugu mtoa mada, umeandika vizuri kuhusu sura ya majengo, lakini hujagusa matumbo yake. Kiunzi cha zege unachotaka kukiokoa si sehemu inayokula fedha nyingi zaidi. Fedha zinaishia kwenye lifti ambazo watengenezaji wameacha kutoa vipuri vyake, mabomba ya chuma yaliyozibwa na kutu, nyaya zilizotandazwa wakati ambapo ofisi ilihitaji taa, taipureta na birika la chai, na ngazi za dharura ambazo hazifikii matakwa ya kanuni mpya ya ujenzi ya 2024 iliyoiondoa ile ya 1968. Zege lenyewe pia huzeeka. Hewa hulipenya taratibu, likapoteza uwezo wa kuilinda nondo. Nondo ikiota kutu huvimba, na gamba la nje linapasuka na kubanduka. Kupaka rangi juu ya ufa huo, kama wenye majengo wafanyavyo kila serikali ya kaunti inapotoa amri ya kupendezesha jiji, ni kuficha ugonjwa. Lazima zitobolewe sampuli za zege, zipimwe maabara, ndipo tuanze kuzungumza.

Mifano ya ukarabati uliofaulu ninaikubali. Jengo la Benki ya Ushirika katika barabara ya Haile Selassie liliharibiwa vibaya na bomu la tarehe 7 Agosti 1998, likakarabatiwa, na benki ikarejea humo mwaka 2002. Dar es Salaam, Hoteli ya Kilimanjaro ya 1965 ilifunguliwa upya mwaka 2005 na hadi leo ni hoteli ya hadhi ya juu. Lakini angalia kinachofanana: katika visa vyote viwili palikuwepo mtu aliyejua atalitumiaje jengo kabla nyundo ya kwanza haijagonga. Minara mingi unayoizungumzia inamilikiwa na mifuko ya pensheni na mashirika ya umma. Je, mdhamini wa pensheni ya mwalimu aizamishe fedha ya mwalimu huyo katika mnara usio na maegesho, ilhali wapangaji wanaolipa vizuri wameshahamia Upper Hill? Mimi nisingetia saini.

Mchangiaji wa pili, mpangaji wa duka

Nawasoma mkizungumzia ghorofa tupu, nami nashangaa ni majengo gani mnayoyaona. Majengo ya upande wetu, kuanzia Moi Avenue kuteremka kuelekea River Road, hayana utupu hata kidogo. Ofisi zilipoondoka, wenye nyumba walizikata ghorofa kwa mbao na vioo, wakatupangisha vibanda vya nguo, simu na viatu, vile tunavyoviita eksibisheni. Mahali palipokuwa na wakili mmoja na karani wake sasa pana wafanyabiashara kumi, na jumla ya kodi yetu inaipita ile ya wakili. Kwa hiyo, bwana mkadiriaji, majengo hayo yanalipa, tena yanalipa sana, isipokuwa faida yake hairudi kwenye jengo.

Nitawaeleza hali ilivyo katika jengo nilimo bila kulitaja. Kati ya lifti tatu inafanya kazi moja, na mizigo haina ruhusa kuingia humo saa za mchana, hivyo marobota hupandishwa mgongoni. Ujia ni mwembamba kiasi kwamba watu wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hurudi nyuma. Ngazi ya dharura ipo, lakini kutoka ghorofa ya tatu kwenda ya nne imejaa katoni, kwa sababu mwenye nyumba ameipangisha kama stoo. Soketi moja hulisha vibanda vinne kwa nyaya zilizounganishwa na mafundi wa mitaani. Sote tunaijua hatari hiyo. Jengo lililoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 2024 liliua wafanyabiashara na wateja kama sisi.

Hata hivyo neno "ukarabati" linanitia hofu kuliko soketi ile. Ninavyolielewa mimi, maana yake ni notisi ya siku chache, uzio wa mabati, na baada ya miaka miwili duka la kahawa mahali nilipokuwa nikiuzia viatu. Mtoa mada amelitetea zege vizuri. Ningependa kuona akiwatetea na walio ndani yake.

Mchangiaji wa tatu

Nina jambo moja tu. Ikiwa minara ya kipindi hicho itaitwa urithi, tuanze na ule mgumu kuliko yote: Nyayo House, kwenye kona ya Uhuru Highway na Kenyatta Avenue. Juu, wananchi hupanga foleni za pasipoti. Chini, katika vyumba vya giza, Wakenya waliotuhumiwa kuipinga serikali miaka ya 1980 walifungiwa, wakamwagiwa maji na kuteswa. Mwaka 2003 vyumba hivyo vilifunguliwa umma ukavitazama, na manusura wakadai vigeuzwe makumbusho. Mnara ule ukibomolewa, ushahidi unazikwa na vifusi. Ukikarabatiwa kwa vigae na rangi mpya bila kusema lolote, unazikwa vilevile, tena kwa heshima.

Nawatahadharisha pia wanaodhani kulitangaza jengo kuwa urithi ni kuliokoa. Johannesburg walikuwa na jengo la Usindiso, ambalo zamani lilikuwa ofisi ya kudhibiti pasi za Waafrika, kama ilivyokuwa Kipande House yetu. Lilihesabiwa kuwa urithi na lilimilikiwa na jiji lenyewe. Liliachwa likavamiwa na wasio na makazi, likagawanywa kwa mbao, na usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 liliungua na kuua watu zaidi ya 70.

Mtoa mada

Nawashukuru nyote. Nitaanza na ndugu mpangaji, kwa sababu hoja yake ndiyo nzito kuliko zote na inaibadilisha sura ya swali la mkadiriaji. Kama ghorofa zilizokatwa vibanda zinaleta kodi kuliko ofisi za zamani, basi fedha ya kubadilisha nyaya na kuzisafisha ngazi ipo. Kinachokosekana ni wa kumlazimisha mwenye nyumba aitumie hapo. Leseni ya kupangisha vibanda katika jengo refu ingeweza kufungamanishwa na cheti cha usalama wa moto na cha lifti, kikaguliwe kila mwaka na kibandikwe mlangoni mahali mpangaji anapokiona. Hilo halihitaji mwekezaji wala mkopo.

Kuhusu minara iliyo tupu kweli, tusiitazame yote kama ofisi. Hoteli ni rahisi kuigeuza kuwa makazi kwa sababu kila chumba tayari kina dirisha, bafu na bomba la maji taka linaloshuka; mnara wa ofisi una vyoo vyake vyote mahali pamoja katikati, na kutoboa sakafu ili kupitisha mabomba mapya ni kazi ya hatari, hasa penye nyaya za chuma zilizovutwa ndani ya zege. Kwa hiyo ningeanza na hoteli zilizofungwa. Mji wenye watu zaidi ya milioni nne, ambao wengi wao husafiri alfajiri kutoka Rongai, Kitengela na Githurai kuja kufanya kazi katikati ya jiji, unaweza kujaza nyumba ndogo za kupanga mahali ambapo mtu huenda kazini kwa miguu. Na anayekwenda kwa miguu hahitaji maegesho.

Mdhamini wa pensheni naye ana njia. New York humruhusu mmiliki wa jengo lililohifadhiwa kuuza haki ya kujenga ghorofa ambazo angeruhusiwa kuongeza juu yake, na mnunuzi akazijenga kwenye kiwanja kingine. Haki hiyo ilizingatiwa hata Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua mwaka 1978 kwamba mji ungeweza kuuzuia ujenzi wa mnara juu ya stesheni ya Grand Central. Wajenzi wa Upper Hill na Westlands wanataka kwenda juu kuliko wanavyoruhusiwa. Basi waununue urefu huo kutoka kwa wamiliki wa minara ya zamani, na fedha hiyo iwekwe kwenye akaunti ya ukarabati isiyoweza kuguswa kwa kazi nyingine.

Kuhusu Nyayo House sina la kuongeza isipokuwa kwamba mpango wowote wa ukarabati wake usipitishwe bila manusura kuketi mezani.

Mchangiaji wa kwanza, mkadiriaji majenzi

Kuuza urefu ni wazo zuri endapo kaunti inaweza kukataa ghorofa za ziada kwa asiyenunua. Mahali ambapo ghorofa za ziada hupatikana kwa njia nyingine, hakuna atakayelipia haki ya jirani. Lirekebishwe hilo kwanza, ndipo nitarudi kupiga hesabu. Kuhusu cheti mlangoni naafiki bila masharti.

Mchangiaji wa pili, mpangaji wa duka

Nami naafiki cheti, kwa nyongeza mbili. Kazi ifanywe ghorofa kwa ghorofa, wapangaji wa ghorofa inayofungwa wahamishiwe kwa muda ndani ya jengo lilelile. Na haki ya kurudi, pamoja na kiwango cha kodi tutakachorudia, iandikwe katika mkataba na kutiwa saini kabla uzio wa mabati haujasimama. Ahadi ya mdomo ya mwenye nyumba tumeshaipokea mara nyingi.