Naomba ushauri: kamera ya Tanga inaenda kwenye theluji

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mpiga picha wa hapa Tanga mjini. Harusi na pasipoti ndizo zinazoniweka mjini, ila moyo wangu uko kwenye mandhari: mikoko, ngalawa za alfajiri, ukungu wa msitu wa Amani.

Januari naenda Tromsø, Norwe, kwa dada yangu. Shemeji ananiambia hadi katikati ya mwezi huo jua halichomozi kabisa, ni mwanga wa buluu tu saa chache mchana. Nataka kupiga pwani ile na misitu yake.

Juzi nilikwenda kwenye mashamba ya chumvi kufanya majaribio. Lile lundo jeupe pe, kamera ikaniletea kijivu kama jivu la mkaa! Nilipoongeza mwanga stopu (kipimo cha mwanga kwenye kamera) moja na nusu ndipo likawa chumvi tena. Je, theluji nayo ni hivyo hivyo, au mwanga wa buluu unabadilisha hesabu?

Pili, unyevu. Hapa nikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi lenzi inafunga ukungu. Kule nasikia ni kinyume, ukiingia ndani ukitoka kwenye baridi. Nimeambiwa niifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla sijaingia. Niiache humo muda gani?

Betri ninazo mbili, moja imechoka. Nikizificha kwapani zitavumilia, au ninunue ya tatu?

Na glovu jamani, mnabonyezaje vitufe?