Naomba msaada: nikisukuma koili ya ndani kwenye kapla ya redio, sauti inakufa

Fundi wa Chumbageni
Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi redio, nipo Tanga. Kazi zangu za kila siku ni redio za magari, spika na kusuka mota ndogo. Safari hii nimepokea kazi ambayo sijawahi kuifanya, na usingizi sipati.

Natengeneza redio ya kristali ya mtindo wa zamani, ile isiyotumia betri wala umeme wa ukutani. Mteja anataka iwe na kapla ya kusukuma: koili kubwa imelala imefungwa, koili ndogo inateleza juu ya fito mbili na kuingia ndani ya ile kubwa. Eriali na ardhi zinaingia kwenye kubwa. Ndogo ina kapasita ya kuzungusha, dayodi ya germaniamu na hedifoni.

Koili ya nje ina raundi 80 za waya wa milimita 0.8, kipenyo sentimita 9. Ya ndani ina raundi 56. Najaribia kwa jenereta ya mawimbi mezani, nimeiweka 1000 kHz. Nikiivuta koili ya ndani nje kabisa, nasikia mlio kwa mbali. Nikiisukuma ndani, ambako sauti ingetakiwa kupanda, mlio unapotea wote.

Swali langu ni moja: koili ya ndani iwe na raundi ngapi? Kazi inatakiwa kabla ya mwezi kuisha.

Sabufa la Mtaa
Mkuu, nenda Kariakoo kanunue redio ya sola yenye tochi, mpelekee mteja, mrudishie chenji. Wote mtalala.

Mama Waya
Mwanangu, raundi ziache kwanza. Umesuka upande gani? Mimi nasuka mota Mwanza tangu mume wangu yuko hai, yeye ndiye aliyenifundisha. Koili mbili zikisukwa kinyume zinauana. Kuna pampu ya kisima niliwahi kuletewa, vijana watatu wameishindwa, kumbe kundi moja la koili limegeuzwa. Niligeuza ncha mbili tu, maji yakatoka. Mwenye pampu alileta sangara ndoo nzima. Geuza ncha.

Ngoja Waje
Napita, nawasubiri wataalamu.

Mawimbi ya Zamani
Kijana, umenifurahisha. Nimestaafu kazi ya mitambo ya redio na sikutegemea kuliona swali hili kwa Kiswahili.

Niwaeleze wenzetu kwanza hiki kitu ni cha nini, maana bila kukijua hatutamsaidia. Redio za mwanzo kabisa zilifunga eriali moja kwa moja kwenye koili iliyobeba detekta, yaani kile kifaa kinachotoa sauti ndani ya mawimbi. Eriali ndefu na waya wa ardhini zinakula nguvu, kwa hiyo koili hiyo inakuwa butu: inapokea kila kitu kwa pamoja. Na mitambo ya kurushia ya siku zile ilikuwa ya cheche za umeme, kila mmoja umetapakaa masafa mapana. Meli mbili zikisema pamoja, hakuna aliyesikika. Marconi, yule mwanzilishi wa redio, alipopata hataza (haki ya uvumbuzi) yake namba 7777 mwaka 1900, kiini chake kilikuwa hicho hicho: saketi ya eriali na saketi ya pili zipangwe kwenye masafa mamoja, zishikane kwa usumaku tu, bila waya kati yake.

Kapla ya kusukuma ilitokana na wazo hilo. Ukisogeza koili ya ndani karibu unapata sauti kubwa, lakini stesheni zinaingiliana. Ukiivuta mbali sauti inapungua na stesheni zinaachana. Msikilizaji anachagua mwenyewe. Marekani vijana wengi walizijenga nyumbani, hasa baada ya sheria ya 1912 iliyowasukumia kwenye mawimbi ya urefu wa mita 200 kushuka chini. Miaka ya 1920, matangazo ya kawaida yalipoanza, ikashika ile ya kuzungusha, variokapla: koili ya ndani inageuka kwenye mhimili, na ikikaa digrii 90 mshikano unakuwa karibu na sifuri. Haichukui nafasi mezani.

Sasa jambo ambalo wengi wanalikosa. Mshikano unaofaa ni mdogo mno kuliko watu wanavyodhani. Chukua ubora wa koili ya kwanza (kipimo cha jinsi inavyopoteza nguvu kidogo) uzidishe kwa wa pili, tafuta kipeuo cha pili, yaani namba ambayo ikijizidisha yenyewe inaleta hiyo, kisha gawa moja kwa jibu hilo. Koili zenye ubora wa 100 kila moja zinahitaji mshikano wa asilimia 1 tu. Ukizidisha, kilele kimoja cha stesheni kinapasuka kuwa viwili. Ndiyo maana fito lazima ziwe ndefu kiasi cha koili ya ndani kutoka nje kabisa na bado nafasi ibaki kati yake na ile kubwa. Kazi nzuri inafanyika kule nje.

Lakini hayo hayaelezi tatizo lako. Mshikano ukizidi, sauti inavurugika, haifi. Umepima induktansi, yaani nguvu ya usumaku ya kila koili, ile inayosomwa kwa mikrohenri?

Mwana wa Magomeni
Mzee umenikumbusha mbali. Babu yangu alikuwa anasimulia vile manowari ya Waingereza HMS Astraea ilivyopiga mizinga Dar tarehe 8 Agosti 1914, shabaha ikiwa kituo cha redio cha Wajerumani. Yeye alisimuliwa na baba yake. Halafu redio ya Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, nyumba yenye redio ilijulikana mtaa mzima, watu wanakaa barazani mpaka ifungwe. Siku hizi kila mtu na simu yake sikioni, hata salamu hakuna.

Fundi wa Chumbageni
Shikamoo mzee wangu wa Mawimbi, na wewe mama. Nimegeuza ncha kama mama alivyosema, hakuna mabadiliko.

Nimepima. Ya ndani inasoma vizuri, mikrohenri 270. Ya nje inasoma 43. Nadhani mita yangu imeharibika. Koili yenyewe ni safi, nimesuka kwa mkono, raundi zimelala sambamba, vanishi imekauka. Naombeni idadi ya raundi tu.

Mawimbi ya Zamani
Marahaba. Ncha hazina athari kwenye saketi hii kwa kuwa koili mbili hazijaungana kwa waya, japo ushauri wa mama kwa mota ni sahihi kabisa.

Tupige hesabu. Nusu kipenyo kwa sentimita, kipeo chake cha pili. Raundi, kipeo chake cha pili. Zidisha vyote kwa 0.394. Kisha gawa kwa jumla ya nusu kipenyo mara 9 na urefu wa koili mara 10. Kwako nusu kipenyo ni 4.5, raundi 80, urefu kama sentimita 7. Jibu linakuja karibu mikrohenri 460. Mita iliyoharibika haisomi moja sahihi na nyingine kosa. Hiyo 43 ni ya kweli. Umesuka juu ya kitu gani?

Fundi wa Chumbageni
Bomba la kawaida tu, mzee.

Mama Waya
La kawaida la nini? Plastiki? Boksi gumu?

Mawimbi ya Zamani
Nami nauliza hilo hilo.

Fundi wa Chumbageni
Sawa. Ni bomba la aluminiamu, ukuta milimita 2. Kati ya waya na bomba kuna karatasi ya kuhami, hakuna shoti, nimepima.

Na kabla hamjaanza kunishambulia, nisikilizeni. Bomba limekerezwa na fundi mzuri na kung'arishwa mpaka unajiona sura. Mteja ni mzee yuko Muscat, asili yake Unguja, anakusanya redio za kale na anataka hii ikae sebuleni. Nimemtumia picha, amelipenda bomba kuliko kitu kingine chote. Amelipa nusu, na hiyo nusu imekwisha kwenye waya, mbao na kerezo. Plastiki haishikilii umbo, kwenye joto inapinda. Aluminiamu ni imara na si sumaku, sumaku hainasi pale. Kwa hiyo bomba linabaki. Ninachoomba ni raundi.

Mawimbi ya Zamani
Sumaku kutonasa hakusaidii kitu. Aluminiamu inapitisha umeme, na bomba zima ni pete. Koili yako ya nje ikipata umeme wa 1000 kHz, ndani ya ukuta wa bomba unazaliwa umeme mwingine unaozunguka na kuipinga. Ni sawa na kuwa na raundi moja nene iliyopiga shoti chini ya koili nzima. Hapo ndipo 460 inageuka 43.

Na kwa masafa hayo umeme hauingii kwenye aluminiamu zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita. Ukuta wako ni milimita 2. Koili ya ndani ikishaingia mle bombani haipati chochote. Ikiwa nje, inaokota mabaki yanayomwagika mdomoni mwa bomba, ndio huo mlio wa mbali. Raundi 56 zinatosha kabisa: kwa kapasita ya pikofaradi 365 zinakushusha mpaka karibu 510 kHz, na masafa ya kati yanaanzia 531. Hata ungesuka 500, ndani ya bomba hilo hutasikia.

Ustadh wa Kweli
Mimi la redio silijui. Ninalolijua ni kwamba umechukua hela ya mtu kabla kazi haijasimama, na unamwonyesha picha ya kitu kisichofanya kazi. Mwambie mteja ukweli leo. Riziki inayoanza kwa kuficha haina baraka.

Fundi wa Chumbageni
Ustadh, sijamficha mteja kitu, ameona bomba na kulikubali. Hajui aluminiamu inafanya nini kwenye koili, kama vile na wewe hukujua.

Kachero 88
Wakuu, mnakunywa chai hapa na mnaongeza sukari. Tuanze: "redio ya kale", "mzee yuko Muscat", "amelipa nusu". Mara ngapi tumeiona hii? Kesho atasema mteja anatafuta na redio za mbao zenye zebaki nyekundu, ule uvumi wa matapeli, atalipa mamilioni, nitumie nauli ya kuja kuikagua. Na fundi gani anasuka koili juu ya aluminiamu? Na redio ya kristali unasikiliza stesheni gani siku hizi? Uzi wa kutunga huu.

Mwana wa Magomeni
Aisee, umesema. Shemeji yangu alizunguka mkoa mzima akitafuta redio hizo. Aliambiwa ukisogeza kitunguu saumu, zebaki inakimbia. Akauza ng'ombe.

Sabufa la Mtaa
Kwetu ilikuwa cherehani. Na Saudia nako mwaka 2009 watu waligombania cherehani za Singer kwa uvumi huo huo, bei ikapaa.

Ngoja Waje
Kumbe uzi wa matapeli. Mods waufunge.

Mama Waya
Hakuna zebaki ndani ya redio yoyote niliyowahi kuifungua, wala nyekundu wala ya rangi nyingine. Msipoteze ng'ombe. Lakini kijana atoe picha.

Fundi wa Chumbageni
Picha siweki, mteja hajaruhusu kazi yake isambazwe kabla hajaipokea. Kachero, mimi sijamwomba mtu hapa hata shilingi. Sitafuti redio ya mtu, naunda mpya. Haina valvu, haina taa. Stesheni sitegemei, nimesema natumia jenereta mezani, rudi usome. Nimekuja na swali la koili, naitwa tapeli. Inauma.

Mawimbi ya Zamani
Kachero, tahadhari yako ni nzuri, watu wameibiwa sana kwa zebaki. Lakini hapa hujapima vizuri.

Mtu anayetunga huenda kwanza kutafuta vile kapla inavyotakiwa kufanya kazi, halafu anaandika hivyo. Angeandika kwamba akisukuma ndani sauti inapanda, stesheni zinaingiliana, amekwama hapo. Huyu ameandika kinyume cha kila maelezo utakayoyakuta: akisukuma ndani inakufa. Akataja 43 palipotakiwa kuwa 460, na akailaumu mita. Hakuwa anajua kwamba dalili hizo mbili zina chanzo kimoja, na bomba lenyewe alilificha mpaka tulipomkaba. Ungetaka kuvumbua uongo unaolingana hivyo na tabia ya aluminiamu, ungelazimika kwanza kuijua aluminiamu, na ukiijua huwezi kuuliza swali hili. Mimi namwamini.

Kachero 88
Hesabu siijui, ila hapo kwenye dalili mzee umenishika. Nabaki na wasiwasi wa Muscat. Fundi, malipo yaliyobaki yaingie kabla mzigo haujapanda ndege.

Fundi wa Chumbageni
Asante mzee. Nimefikiri usiku. Nikilipasua bomba kwa msumeno wa chuma kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, pete si itakuwa imekatika? Ufa nitauweka upande wa chini, kwenye ubao, mteja hatauona. Bomba linabaki.

Mawimbi ya Zamani
Pete itakatika, na koili ya ndani itaanza kusikia. Hilo nakupa. Lakini umeme utapita uso wa nje wa bomba, ukifika kwenye ufa utarudi kwa uso wa ndani. Hasara inabaki, ubora wa koili hautafika wa ile iliyosukwa juu ya plastiki au mbao. Wenyewe zamani walitumia boksi gumu lililolowekwa kwenye vanishi, na mbao iliyokaushwa. Mpe fundi wako wa kerezo kipande cha mninga mkavu akutolee bomba. Mninga ukipigwa vanishi unang'aa, na mzee wa Muscat mwenye asili ya Unguja hawezi kuuchukia.

Fundi wa Chumbageni
Mninga ni gharama nyingine, mzee, na wa kukauka vizuri siupati haraka. Nitapasua kwanza. Ufa uwe na upana gani?

Mama Waya
Na ncha za bomba umezishikia kwa pete? Pete za madini gani?

Fundi wa Chumbageni
Brasi.

Mawimbi ya Zamani
Mama ameona mbali. Upana wa ufa hauna shida, unene wa msumeno unatosha, ilimradi kingo zisigusane popote; chomeka kipande cha plastiki ngumu. Ila pete za brasi zikibaki nzima zitaziba ufa na utarudi pale pale. Nazo zikate, upande ule ule wa chini, na skrubu zisivuke ufa.

Ukimaliza, pima tena koili ya nje. Kisha tafuta jenereta ya pili, moja iwe 900 kHz nyingine 1000, zote zikiwa na nguvu sawa. Vuta koili ya ndani polepole mpaka uweze kuisikia moja bila nyingine. Zikiachana, mtumie mzee mzigo wake. Zikikataa kuachana, usipasue tena, niandikie hapa tupange vipimo vya mninga.

Fundi wa Chumbageni
Sawa mzee. Jenereta ya pili naazima kwa jirani kesho. Pete naanza nazo sasa hivi.