Mawe ya kijani katika shamba la marehemu baba: karte ya mchimbaji au permi ya mgodi mdogo?

Mwana wa Katuba (Lubumbashi) ameuliza:

Ndugu zangu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, nawasalimu kwa heshima. Marehemu baba alituachia shamba upande wa Kambove, na hati yake ya ardhi tunayo mkononi. Mwaka jana vijana waliokuwa wakituchimbia kisima walikuta mawe ya kijani, na mtu mmoja wa depo (duka la kununua madini) aliyeyaangalia alituhakikishia kwamba ni malakiti nzuri, yaani mawe yenye shaba. Tuko watu wazima 12 katika familia, sote Wakongomani, na tumekubaliana kuchanga pesa ili tukodi katapila, kwa sababu hakuna kati yetu aliye tayari kushuka shimoni na sululu. Mfumu (chifu) wa kijiji amekwisha kutupa baraka yake.

Kuna mtu anayetaka kutuuzia kile anachokiita “leseni”. Ni karte (kitambulisho) ya mchimbaji yenye jina la mtu tusiyemjua, pamoja na karatasi yenye vipimo vya mahali vilivyoandikwa kwa kalamu. Vilevile shemeji yangu, ambaye ni polisi, anashauri tuombe haki hiyo kwa jina lake, eti jina lake litatufungulia milango. Naomba mwenye ujuzi anieleze sheria inadai nini hasa, na haki hiyo ikishapatikana hulindwa namna gani isije ikapotea.

Wakili wa Kamalondo amejibu:

Kaka, pole kwa msiba, na asante kwa kuuliza kabla ya kulipa. Nianze na hati ya baba, kwa sababu ndipo familia nyingi zinapokosea. Hati hiyo inawapa haki ya kutumia uso wa ardhi, yaani kulima na kujenga, lakini madini yaliyo chini yake ni mali ya Taifa. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Migodi ya Kongo (RDC) ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Baraka ya mfumu ni jambo la heshima, na mtaihitaji ili kuishi kwa amani na wanakijiji, ila haiwezi kushika nafasi ya karatasi ya serikali.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupeleka vipimo vya shamba kwenye Kadastre ya Migodi, ile tunayoiita CAMI, na kuuliza kama mahali hapo pana mwenyewe. Kadastre haihesabu kwa shamba wala kwa kijiji. Inahesabu kwa kare, yaani vipande vya mraba vya ramani yake, na kare moja ina hekta 84.955, kwa hiyo shamba lenu laweza kuwa pembe ndogo tu ya kare ambayo kampuni fulani iliomba miaka mingi iliyopita bila ninyi kujua. Katika mkanda huu wetu wa shaba jambo hilo ni la kawaida mno. Pakiwa wazi, maombi hushughulikiwa kwa kufuata zamu ya kufika, na ndiyo sababu ningekuomba usilitaje hapa jina la kijiji.

Sasa njia zenyewe. Ya kwanza ni uchimbaji wa mikono, ambao ni wa Wakongomani peke yao. Unafanyika ndani ya eneo lililotengwa kwa amri ya Waziri wa Migodi, yaani ZEA, kwa vifaa visivyo vya kiwanda, na kina kisichozidi mita 30. Mchimbaji anatakiwa kuwa na karte yake, inayodumu mwaka mmoja na kuweza kufanywa upya, na tangu 2018 anatakiwa pia awe mwanachama wa kooperative (ushirika) iliyokubaliwa. Njia ya pili ni permi (kibali) ya mgodi mdogo, PEPM, kwa madini ambayo hayatoshi kubeba mgodi mkubwa wenye faida, lakini yanaweza kuchimbwa kwa mashine na majengo machache. Permi hiyo hudumu miaka 5 na inaweza kuongezwa.

Mkileta katapila mmekwisha kutoka katika njia ya kwanza, hata kama kila mmoja wenu ana karte mfukoni. Na PEPM haiombwi kwa kuonyesha jiwe la kisimani: inatanguliwa na permi ya utafiti, kisha mthibitishe kwamba madini yapo kweli, mlete uchunguzi wa athari kwa mazingira na kwa watu, pamoja na mpango wa kuzipunguza. Kazi hiyo inataka mjiolojia na pesa nyingi kuliko hiyo ya kukodi mashine.

Kuhusu yule muuzaji, msimpe hata faranga moja. Karte ni ya mtu binafsi na haihamishwi. Permi ndiyo inayoweza kuhamishwa au kukodishwa, tena baada ya jambo hilo kuandikwa katika daftari la CAMI. Na shemeji yako, kwa heshima zote, abaki shemeji tu: sheria inawakataza polisi, wanajeshi, mahakimu na watumishi wa serikali kuomba na kupata haki hizi.

Mama wa Likasi amejibu:

Wakili amesema vema. Mimi niongeze kuhusu kooperative, maana niko ndani ya moja kwa miaka kadhaa. Inaundwa kwa kufuata sheria ya 2010 juu ya kooperative ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na hapo kuna aina mbili: ile rahisi, inayoanzia watu 5, na ile yenye baraza la uongozi, inayoanzia watu 15. Ninyi 12 mnatosha kwa ile rahisi. Lakini kuandikishwa bado si kuruhusiwa kuchimba. Kibali cha kooperative ya migodi kinatoka kwa Waziri, na watu wengi wa huku huchapisha mihuri na fulana kabla hawajakipata.

Sisi tulipoanza, tulimlipa mtu aliyetuahidi kwamba eneo letu “linashughulikiwa”. Tulichimba msimu mzima wa kiangazi, halafu wakaja wenye kare na karatasi zao, tukaondoka tukiyaacha mashimo nyuma. ZEA haiwezi kuwekwa juu ya eneo lenye permi ya mtu iliyo hai. Kama tungelijua hilo neno moja, tungeliokoa pesa za karo za watoto.

Kushika karte nako kuna kazi yake. Mnatakiwa kufuata kanuni za usalama, usafi, maji na mazingira, na watu wa SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia wachimbaji wadogo, hupita kuangalia. Msikubali mtoto afanye kazi pale, hata ile ya kuosha mawe tu. Tena mpimishe hayo mawe mahali pa kuaminika, kwa kuwa yakiwa na kobalti mambo yanabadilika: ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati mwaka 2018, na baadaye ununuzi wa kobalti ya wachimbaji wa mikono ukakabidhiwa EGC, tawi la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali.

Mwana wa Katuba:

Nawashukuru sana, Wakili na Mama. Nilikwenda CAMI juzi. Nimeambiwa kare yote iko chini ya permi ya utafiti ya kampuni moja, na bado ni hai. Je, ndiyo basi? Tunaweza hata kufukuzwa?

Wakili wa Kamalondo:

Kuchimba ndiyo basi kwa sasa, na mkianza leo mtakuwa mnavunja sheria mkiwa juu ya shamba lenu wenyewe. Lakini permi hiyo haijilindi yenyewe. Mwenyewe analazimika kuanza kazi katika muda uliowekwa na kulipa kila mwaka haki za eneo kwa kila kare, na akishindwa anaweza kunyang'anywa. Omba kujua tarehe ya mwisho ya permi, na urudi kuuliza baada ya Machi, kwa sababu malipo hayo hufanywa katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka. Anaweza pia kukubali kuachia sehemu ya eneo lake, jambo ambalo huombwa kwa barua na si kwa maneno.

Hapo ndipo hati ya baba inapopata kazi. Kampuni ikiingia kuchimbua na kuharibu mazao, inadaiwa fidia ya haki kwa mwenye shamba, kwa makubaliano au mbele ya mahakama. Wiki hii hesabuni miembe, mihogo, kisima na nyumba, mpige picha zenye tarehe, na mfumu aweke sahihi kwenye orodha hiyo.