Re: GP anasema ni stress tu (ADHD ukubwani)

Dada wa Leicester:
Habari zenu wapendwa. Mwanangu kapimwa kakutwa na ADHD (ile shida ya umakini na kutulia), sasa ile fomu yake nilivyokuwa naijaza nikaona mbona kama najijaza mimi. Bili nasahau mpaka waanze kutishia, chai naipasha naisahau naipasha tena, kazini nabaki wenzangu washaondoka ndo nimalizie. GP, daktari wangu wa mtaa, kanibadilishia dawa za sonona anasema ni stress, nyumbani wanasema uvivu. Nianzie wapi?

Mama wa Reading:
Pole mdogo wangu, na hizo dawa usiziache ghafla, ongea naye kwanza. Wengi tumepitia hapo. Watu wakisikia ADHD wanamuwaza mtoto wa kiume anayeruka juu ya madawati, sisi wa kike tuliokuwa tumekaa kimya akili iko dirishani tukaonekana tuna adabu. Na mweusi akichelewa hawasemi ana tatizo, wanasema ndo zao, basi unajikaza, alamu kila kona, halafu unafika kwa daktari umependeza na hereni zako, anaona huyu mzima huyu.

Tafuta ASRS, fomu ya Shirika la Afya Duniani ya kujikagua dalili za ADHD, maswali 18, ipo bure mtandaoni, jaza uende nayo na useme wazi unaomba rufaa ya kupimwa ADHD. Omba pia wapime damu na tezi ya shingo maana zikiwa na shida nazo zinachosha na kusahaulisha. Kwa sisi wa England kuna Right to Choose, unachagua mwenyewe nani akupime na NHS, huduma ya afya ya serikali, inalipa (Scotland na Wales haipo). Ila muulize GP mapema kama atakubali shared care, yaani akuandikie dawa ukishatulia kwenye dozi, wengine wanagoma.

Kinachotukwamisha zaidi ni kwamba wanataka ushahidi kwamba dalili zilikuwepo kabla ya miaka 12. Ripoti zangu za shule ya msingi Tanga zililiwa na mchwa zamani, nikampigia mama, nilikuwa na shida ya kutulia? "Wee! Mtoto mzuri kabisa." Nikamuuliza, na ukinituma dukani je? Alicheka mpaka akakohoa. Natumwa sukari narudi na chumvi, au sirudi, nakutwa nimesimama kwa fundi baiskeli na hela sijui iko wapi. Hayohayo ndo niliandika na mpimaji akayapokea.

Kaka nesi, Birmingham:
Naongezea. Dawa wanazoanza nazo watu wazima hapa ni methilifenideti au lisdeksamfetamini, watacheki presha, mapigo ya moyo na uzito, so kama una presha au mimba sema mapema. Wanaokaribia kukoma hedhi nao wataje, homoni ya estrojeni ikishuka wengi dalili zinazidi. Kazini ombeni Access to Work, msaada wa serikali kwa wafanyakazi wenye shida za kiafya, hawadai uwe umeshapimwa.

Mdau mwingine:
Mimi nishaanza dawa, Desemba nashuka Dar nalala Dubai siku mbili. Nabebaje?

Kaka nesi, Birmingham:
Kwenye boksi lake lenye jina lako, na barua ya daktari. Dubai kwa kuwa unatoka airport omba kibali mtandaoni mapema, dawa hizi wanazibana sana. Ya Tanzania waulize ubalozi kabla hujasafiri. Na ukifika usimgawie mtu "ajaribu", hata akikuita mchoyo.